Historia ya Sungura wa Masikio Yaliyolala, na Malezi Yake Katika Ugogo

Mwezi wa Novemba mmoja, kabla ya mvua za kwanza kunyesha, mtoto wa shule karibu na Dodoma alitujia na kikapu. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa sungura, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya majivu. Na masikio yake hayakusimama, bali yalining'inia mashavuni. Mtoto akatuuliza sisi waalimu, "Nimweke wapi, nimlishe nini?" Tukamjibu upesi kama watu wajuao: "Sungura ni mnyama wa nyika yetu, amezoea jua, wala maji hayamsumbui." Basi akawekwa katika sanduku chini ya bati, akapewa mahindi. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, tulimkuta amekufa. Hatukuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Ndipo tulipoanza kutafuta habari za mnyama huyu, nasi twapenda kuwaeleza tuliyoyapata, lisije likawapata wengine lililotupata.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la jina. Kiswahili chatumia neno moja, sungura, kwa wanyama wawili. Yule wa hadithi zetu, amshindaye fisi kwa akili, ni sungura wa porini. Yeye hachimbi shimo. Hulala nyasini, na mtoto wake huzaliwa ana manyoya, macho yamefumbuka, na baada ya muda mfupi aweza kukimbia. Lakini sungura wa kufugwa huzaliwa uchi na kipofu, ndani ya shimo lenye giza na ubaridi, na macho yake hufumbuka baada ya siku kumi hivi. Wafanana kwa umbo, walakini si aina moja, wala hawawezi kuzaliana.

Basi huyu wa nyumbani alitoka wapi? Asili yake ni nchi ya Hispania na upande wa kusini wa Ufaransa. Hapo kale Wafoinike, ndio watu wa Tiro na Sidoni, walisafiri kwa merikebu mpaka Hispania wakifanya biashara. Wako wataalamu wasemao kwamba jina la Hispania latokana na neno la Wafoinike la kumtaja pimbi; maana walipowaona sungura wengi wakiingia na kutoka mashimoni, waliwadhania kuwa pimbi wa kwao. Pimbi ndiye wibari atajwaye pamoja na sungura katika Walawi 11, na kila mtu wa Dodoma amemwona akiota jua asubuhi juu ya majabali. Ikiwa habari hiyo ni kweli, basi hata mabaharia wale walikosa kwa jina, kama tulivyokosa sisi.

Baada yao walikuja Warumi. Varro, aliyeandika kitabu cha kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo, aeleza nyua zenye kuta walimofuga sungura kwa chakula. Lakini mnyama huyu huzaa upesi mno. Wenyeji wa visiwa vya Baleari waliona mashamba yao yakiliwa yote, hata wakamwomba Kaisari Augusto awapelekee askari wa kuwapiga sungura. Huyu ndiye Augusto yule tumsomaye katika Injili ya Luka, aliyetoa amri watu waandikwe.

Iko hadithi nyingine ipatikanayo katika vitabu vingi, kwamba Papa Gregorio yapata mwaka 600 aliruhusu watoto wa sungura waliwe wakati wa Kwaresima, na kwa sababu hiyo watawa wa Ufaransa wakaanza kuwafuga. Mwaka 2018 wataalamu waliichunguza habari hii, wakaona haina msingi. Gregorio mwingine, askofu wa Tours, alikuwa ameandika tu kwamba mtu mmoja mgonjwa alikula sungura wachanga siku za Kwaresima; na waandishi wa baadaye wakachanganya majina. Tazameni jinsi kosa la jina linavyoweza kuishi miaka mingi! Ukweli ni kwamba sungura alizoea binadamu polepole, kizazi baada ya kizazi, wala hakuna mtu mmoja wala siku moja ya kuhesabiwa kuwa mwanzo.

Sasa tuje kwa masikio. Kwa asili masikio ya sungura husimama. Yaliyolala ni kazi ya watu waliochagua. Katika Uingereza, karne ya 19, wafugaji walishindana nani ana sungura mwenye masikio marefu zaidi. Na Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1868, ataja masikio yaliyopita inchi 20 yakipimwa kutoka ncha hata ncha. Baadaye, katika Uholanzi, Adriaan de Cock alianza mwaka 1949 kuwazalisha sungura wakubwa wa masikio yaliyolala pamoja na sungura wadogo sana, apate aina ndogo. Alisumbuka miaka mingi, na aina yake ilikubaliwa rasmi mwaka 1964. Kutoka huko sungura hawa wadogo wakapendwa katika nyumba za watu duniani kote.

Uzuri huo una gharama, nayo hulipwa na mnyama. Sungura hatoki jasho kama sisi. Hupoza damu yake kwa njia ya masikio, nayo yakilala hayapati upepo vema. Tena tundu la sikio lililokunjwa hushika uchafu, likaota usaha. Kwa hiyo mwenye kumfuga sharti ayatazame masikio kila juma. Akiona harufu mbaya, au mnyama akitikisa kichwa, amwite mganga wa wanyama.

Na hapa ndipo historia ya nyumba zetu inapokutana na historia ya sungura. Wazee wa Kigogo walijenga tembe: kuta za miti na udongo, na juu paa la udongo lisiloinuka. Wageni wengi waliidharau, lakini ndani yake mchana mna ubaridi kama wa shimo. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu walihamishwa wakae katika vijiji vya ujamaa, na tembe ikahesabiwa kuwa nyumba ya watu waliobaki nyuma. Bati likaenea. Hatusemi bati ni baya, maana halivuji, na maji ya mvua huteka kwalo. Lakini sungura huteseka joto likipita nyuzi 30, na mchana wa Novemba Dodoma hupita hapo; basi chini ya bati huwa tanuru.

Malezi yake ni haya. Mtoto asitengwe na mama yake kabla ya majuma manane. Na mama akionekana hakai na watoto, msimdhanie amewatupa; desturi yake ni kunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache. Chakula kikuu ni nyasi kavu safi, wakati wote, kwa kuwa meno yake hayaachi kukua na sharti yasagwe. Majani mabichi, kama ya karanga au viazi vitamu, yaongezwe kidogo kidogo. Mahindi na mkate humharibu tumbo. Maji safi yawe katika bakuli zito la udongo, asipate kulipindua. Usiku hula kinyesi chake laini. Huo si ugonjwa, ndivyo apatavyo nguvu ya chakula mara ya pili. Asiinuliwe kwa masikio kamwe, bali ashikwe kifuani na miguu ya nyuma itegemezwe. Alindwe na paka, mbwa na nyoka. Wala asiachwe porini mkimchoka: katika Australia sungura walioachwa mwaka 1859 walienea sehemu kubwa ya nchi wakala malisho ya kondoo.

Mwaka uliofuata yule mtoto alipata sungura wa pili. Safari hii hakutuuliza sisi kwanza. Alimpeleka kwa bibi yake, akaaye bado katika tembe. Bibi akamtazama akasema, "Mjukuu wangu, huyu anahema. Mweke pale penye mitungi." Akawekwa pale penye ubaridi, juu ya nyasi kavu. Novemba ikaja ikapita, mvua ikanyesha, na sungura yu hai. Bibi yule hajasoma habari za Varro wala za Darwin. Alimtazama mnyama kabla ya kusema neno, na sisi waalimu tulisema neno kabla ya kumtazama.