Kulea ndege kwa mkono katika nyumba ya paka na mbwa waliookolewa

MVUA ya masika inapoandamana na upepo, viota huanguka. Asubuhi yake mtoto huingia nyumbani akiwa amekunja viganja, na ndani ya viganja hivyo mna kinda asiye na unyoya hata mmoja, macho yamefumba na mdomo u wazi. Nyumba inayompokea kinda huyo aghalabu huwa ni ile ile iliyokwisha kumfungulia lango mbwa koko aliyegongwa na gari, na paka aliyeachwa nyuma na wapangaji waliohama usiku. Mwenye huruma hachagui mnyama wa kumhurumia. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa kuwa mwindaji na mwindwa hujikuta chini ya paa moja, wakilishwa na mkono mmoja.

Kabla ya kuuliza jinsi ya kumlisha kinda, yafaa kuuliza iwapo alistahili kuokotwa. Ndege wachanga wanaopatikana chini ni wa hali mbili. Yule aliye uchi, asiyeweza hata kusimama, mahali pake ni kiotani, na akiwa mzima hurudishwa humo ikiwa kiota kinafikika. Imani kwamba mamake atamkataa kwa sababu ameshikwa na binadamu haina msingi. Kiota kikiwa kimevunjika, kikapu kidogo kilichotandikwa nyasi kavu na kufungwa kwenye tawi lile lile hutosha, na mara nyingi wazazi huendelea kuleta chakula. Wa pili amekwisha kuota manyoya, mkia wake ungali mfupi, na anarukaruka uani kana kwamba amepotea. Hajapotea. Yuko katika siku zake za kujifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu wakimlisha. Anachohitaji ni paka na mbwa wa boma hilo wafungiwe ndani kwa siku chache. Si wachache waliolelewa na watu ilhali walikuwa wa hali hii ya pili. Waliibwa na mtu aliyedhani anaokoa.

Sheria nayo ina lake la kusema. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, ndege wa mwituni si mali ya aliyemwokota, na kumfuga bila kibali ni kosa. Aliyempata ndege mgonjwa au aliyejeruhiwa anapaswa kuwasiliana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ndege wawindao, kama vile tai, kipanga na bundi, wana wataalamu wao huko Naivasha, ambako shirika la Kenya Bird of Prey Trust lina kituo cha kuwatibu na kuwarejesha mwituni wanaoweza kurejea.

Kumlisha kinda ni kazi ya kuchosha kuliko wengi wanavyodhani. Makinda wa ndege wanaokula wadudu huhitaji chakula karibu kila nusu saa, tangu alfajiri hadi magharibi. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ambao ndio chakula cha kwanza kinachowajia watu akilini, huwadhuru, maana ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Maji yanayodondoshwa mdomoni nayo huingia mapafuni kwa urahisi na kumwua. Kwa makinda wa kasuku, uji maalumu hutolewa ukiwa na joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Ukipoa mno hukaa bila kushuka na kuchacha ndani ya gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Ukizidi moto huliunguza gole hilo hadi likatoboka. Kipimajoto cha bei nafuu kimeokoa makinda wengi kuliko dawa.

Tuseme basi amepona, amekua na anaruka sebuleni. Hapo linajitokeza jambo ambalo mlezi hakulitarajia: ndege huyu hajijui kuwa ni ndege. Mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1973 pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi nyumbani kwake Altenberg, karibu na Vienna. Alionyesha kwamba vifaranga vya bata bukini vinavyototolewa mbele ya mtu humfuata mtu huyo kana kwamba ndiye mama, na kwamba chapa hiyo ya siku za mwanzo haifutiki kwa urahisi. Nyumba yake ilijaa wanyama walioachwa huru, kiasi kwamba wakati mmoja aliyewekwa ndani ya kizimba alikuwa binti yake mdogo, ili wanyama wasimdhuru. Kunguru mmoja wa aina ndogo ya Ulaya, aliyelelewa kwa mkono, alimchumbia Lorenz kwa kumletea mdomoni nyungunyungu waliosagwa, na bwana huyo alipofunga mdomo, zawadi ilitiwa sikioni mwake.

Kisa hicho huchekesha, lakini ukweli ulio ndani yake ni mzito. Ndege mwenye chapa ya binadamu hujua kuomba chakula kwa mtu, hajui kumkimbia. Akiachiliwa, hutua begani mwa mpita njia, au hushuka mbele ya paka asiye wa nyumba yao. Wenziwe wa jamii moja huwaona kama wageni. Ndiyo maana wataalamu wanaotaka kumrudisha ndege mwituni humlisha wakiwa wamefichwa nyuma ya pazia au kwa kikaragosi cha mkononi chenye sura ya ndege, na humlea pamoja na makinda wenzake inapowezekana. Mlezi wa nyumbani hufanya kinyume kabisa: humbusu, humbeba mfukoni, humpa jina.

Kwa kasuku wa kijivu wa Afrika, yule mwenye mkia mwekundu, mambo huwa makubwa zaidi. Huyu ni ndege mwenye akili nyingi. Alex, kasuku aliyenunuliwa dukani huko Chicago mwaka wa 1977 na mtafiti Irene Pepperberg, alijifunza kutaja rangi, maumbo na idadi hadi 6, na kueleza iwapo vitu viwili vinafanana au vinatofautiana. Alikufa mwaka wa 2007 akiwa na umri wa miaka 31. Akili kama hiyo ikifungiwa ndani ya kizimba kutwa nzima, huku watu wakiwa kazini na shuleni, hugeuka maradhi. Kasuku aliyelelewa kwa mkono humchagua mtu mmoja kuwa mwenzi wake. Anapobaleghe, huanza kumtapikia mtu huyo chakula kama ishara ya mahaba na kuwauma wote wanaomkaribia. Akikosa wa kushinda naye hujinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikabaki wazi. Hakuna dawa ya kupaka inayoponya upweke wa namna hiyo.

Msitu wa Kakamega ndio ukingo wa mashariki wa makazi ya kasuku huyu, na nchini Kenya idadi yake mwituni ni ndogo sana. Nchini Ghana, watafiti waliripoti mwaka wa 2016 kwamba ndege hawa walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka wa 1992. Sababu kuu ni kukatwa kwa miti mikubwa yenye mapango ya kutagia, na kunaswa ili wauzwe. Mwaka huo huo wa 2016, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Johannesburg na kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu walionaswa mwituni. Kwa hiyo anayemnunua kasuku kichochoroni, hata kwa nia ya kumwokoa na muuzaji mkatili, hulipa gharama ya kunaswa kwa mwingine.

Turejee sebuleni, kwa paka. Paka hana hatia. Hata aliyeshiba huwinda. Hatari yake kwa ndege haimo katika nguvu za taya pekee. Meno yake ni membamba kama sindano, na mdomoni mwake mna bakteria aina ya Pasteurella ambao hupenya ndani ya nyama huku tundu la jeraha likijifunga juu. Ndege huonekana mzima, hula, hulala, na baada ya siku mbili au tatu hukutwa amekufa. Madaktari wa mifugo hushauri kwamba ndege yeyote aliyeguswa na jino au ukucha wa paka aanzishiwe antibiotiki siku hiyo hiyo, hata kama hakuna damu iliyoonekana. Wenye nyumba wengi hupoteza ndege wao si kwa shambulio lenyewe bali kwa usiku mmoja wa kungojea.

Amani ya nyumba kama hii hutokana na milango zaidi ya urafiki. Picha za paka na ndege wakilala bega kwa bega hupendeza, lakini haziwi ushahidi wa lolote. Nyumba zinazofaulu huwa na zamu: ndege akiwa nje ya kizimba, paka yuko chumba kingine na mlango umefungwa kwa komeo. Kizimba huwekwa juu ya meza nzito isiyoyumba, mbali na rafu ambayo paka anaweza kurukia. Sakafu ya chini yake husafishwa kila jioni, kwani mbegu zinazodondoka huita panya, na panya humwita paka. Mbwa aliyeishi mitaani amezoea kula upesi na kulinda chakula chake, hivyo hulishwa peke yake. Kuwahasi paka na mbwa hupunguza kuzurura na ugomvi, mbali na kuzuia mimba za kila msimu. Kasuku naye hujiongezea burudani yake: hujifunza sauti ya mwenye nyumba, humwita mbwa kwa jina, na mbwa huja mbio akakuta hakuna kitu.

Jikoni ndiko kunakoua kimyakimya. Sufuria zisizoshika chakula zikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke ambao binadamu huenda asiuhisi, lakini humwua ndege kwa dakika chache. Moshi wa jiko la makaa, marashi ya kupuliza, hata udi na ubani uliofukizwa Ijumaa, vyote humdhuru kwa kuwa mapafu yake hunyonya hewa kwa wepesi usio wa kawaida. Parachichi ni sumu kwake. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni hatari kwa mbwa. Tembe moja ya paracetamol yaweza kumwua paka, na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini haifai kumgusa kabisa. Kasuku anayelishwa mbegu za alizeti pekee hukosa kalisi na vitamini A, akaishia kupata degedege. Karoti, boga na sukuma wiki humfaa zaidi, pamoja na jua la asubuhi.

Mnyama mpya kutoka mitaani hutengwa kwanza na kuonwa na daktari wa mifugo kabla ya kuchanganywa na wenzake. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kwa mbwa na paka, na hurudiwa kila mwaka. Kenya ilianza mwaka wa 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo kufikia 2030. Aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha huenda hospitalini bila kungoja dalili. Vumbi la kinyesi cha kasuku nalo laweza kuleta homa ya mapafu, kwa hiyo kizimba husafishwa kwa kitambaa kibichi, wala hakifagiliwi kikavu.

Linabaki suala la miaka. Paka aliyetunzwa vyema huishi miaka 15 hivi, mbwa pungufu ya hapo. Kasuku wa kijivu huweza kufikisha 40, hata 60. Mtu anayemchukua akiwa na umri wa miaka 45 anamchukulia wanawe, na pengine wajukuu. Wenye busara humtafuta mrithi mapema, wakamzoesha ndege kwake kwa kumruhusu amlishe wikendi, na huandika jina lake pamoja na kibali cha KWS katika bahasha moja. Mrithi huyo aambiwe pia kwamba kwa miezi kadhaa baada ya msiba, ndege huyo huenda akaendelea kubisha hodi, kukohoa na kumwita mbwa aliyekwisha kufa, kwa sauti ile ile ya marehemu.