Maksai, Kitambi na Homoni: Machakos na Hofu ya "Nguvu za Kiume"

Mkulima wa Machakos anayelima kwa plau hahitaji kufundishwa kazi ya korodani, ameiona zizini. Ndume akihasiwa mapema, shingo haijai, nundu hubaki ndogo, miguu hurefuka kupita ya fahali na ukali humtoka. Mvua za Oktoba zikikaribia, hufungwa nira bila kupigana na mwenzake. Huyo ndiye maksai. Mwaka 1849, mjini Göttingen, Arnold Berthold alichunguza jambo hilohilo kwa majogoo: waliotolewa korodani upanga wao ulisinyaa, lakini waliopandikizwa korodani tumboni waliendelea kuwika na kupigana. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur huko Amsterdam liliipata homoni yenyewe kutoka korodani za mafahali, likaiita testosteroni. Inasemekana kilo 100 za korodani zilitoa miligramu 10 tu.

Testosteroni basi si uzushi. Uzushi huanza pale mwanamume wa miaka 50 aliyeota kitambi anapovikwa sura ya maksai. Karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za stima humwahidi "nguvu za kiume", na hoja yangu ni kwamba biashara hiyo inaishi ndani ya maneno hayo mawili. Yamefunga pamoja mambo manne: hamu ya tendo, kusimama kwa uume, uwezo wa kuzaa na nguvu za misuli. Kila moja lina chanzo chake. Mwanamume anaweza kuwa na hamu tele na asizae. Mwingine anazaa huku hamu imekwisha. Neno "testosteroni" lilipofika mitaani halikuufungua mzigo huo, liliuongezea kamba ya kitaalamu.

Ni kweli homoni hii hupungua kwa umri, kwa makadirio ya asilimia 1 hivi kwa mwaka baada ya miaka 30 au 40. Kupungua huko si kuhasiwa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79, ulidai dalili tatu za kijinsia pamoja na kiwango cha chini cha homoni ndipo mtu ahesabiwe mgonjwa. Waliotimiza masharti hayo walikuwa asilimia 2.1. Takwimu za Ulaya hazihamii Machakos kama zilivyo, lakini haziungi mkono dai kwamba kila mzee ana upungufu.

Kitambi ndicho kinachosomwa kinyume zaidi. Husemwa kwamba homoni imeisha ndiyo maana tumbo limekua. Mara nyingi tumbo ndilo lililotangulia: mafuta yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na unene wenyewe huidhoofisha amri ya ubongo kwa korodani. Uzito ukipungua, homoni hupanda.

Matiti yanayomwota mwanamume nayo yameumiza wengi bila sababu. Kabla Kenya haijaanza kuhamia dawa ya dolutegravir mwaka 2017, wanaume wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI walitumia efavirenz, dawa inayojulikana kuwaotesha baadhi yao matiti. Spironolactone, dawa ya moyo na ini, hufanya vivyo hivyo, na ini lililoharibiwa na pombe pia. Kwa mvulana anayebalehe, uvimbe huo kwa kawaida hutoweka katika mwaka mmoja au miwili. Katika hali hizi zote swali la kwanza ni "unatumia dawa gani?" wala si "nani amekuroga?"

Uume kushindwa kusimama mara nyingi ni habari ya mishipa ya damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha. Kisukari nacho huiharibu mishipa hiyohiyo. Anayenunua unga wa mitishamba ukamfaa usiku uleule huenda amemeza sildenafil: wakaguzi wa dawa wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa katika bidhaa zinazouzwa kuwa za asili. Kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, mchanganyiko huo unaweza kuua. Sina ugomvi na anayetafuna mzizi wa mukombero akipiga gumzo stendi. Ugomvi wangu ni na poda isiyo na jina.

Mwenye dalili za kweli apimwe damu kabla ya saa nne asubuhi, bila kula, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Asikimbilie sindano, hasa akitafuta mtoto. Testosteroni ya sindano huufanya ubongo uache kuziamuru korodani, na mbegu hukoma. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha majaribio ya sindano hiyo, ikidungwa kila wiki kwa wanaume 271 katika nchi 7. Ilikuwa ikijaribiwa kama njia ya kupanga uzazi.