Profoma Tatu

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya uhasibu, Ifakara, nikiwa na karatasi tatu. Kila moja ilitoka kwa wakala wake wa tiketi jijini Dar es Salaam, na zote zilitaja ndege ileile na tarehe zilezile: Dar kwenda Zurich na kurudi. Bei zilikaribiana sana. Kwenye simu nilikuwa na bei ya nne, ya tovuti ya shirika lenyewe la ndege, na ilikuwa chini kuliko zote. Mhasibu aliitazama, akanirudishia simu.

"Hii si profoma, mdogo wangu. Naomba yenye mhuri."

Tofauti ile ingewalipa kwa siku kadhaa vijana wanaonisaidia kutega mbu vijijini. Fedha ya utafiti wa shahada ya uzamili haiongezeki. Kinachokwenda kwenye tiketi kinatoka kwenye mitego. Nilichukua profoma iliyokuwa nafuu kati ya zile tatu, nikatoka nikiamini mawakala wameniibia. Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya nauli, niligundua kwamba hawakuniibia.

Safari kati ya bonde la Kilombero na Uswisi si jambo geni. Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Zama hizo nauli ya ndege ya kimataifa ilifanana na nauli ya basi la Ifakara–Morogoro leo: ilipangwa na kutangazwa. Mashirika yalikubaliana bei kupitia IATA, chama chao kilichoundwa Havana mwaka 1945, na serikali zikaidhinisha. Ungeuliza ofisi tatu, ungejibiwa bei moja.

Kompyuta ilikuja kwa sababu ya viti. Mwaka 1953, C. R. Smith wa American Airlines alikaa ndani ya ndege karibu na muuzaji wa IBM, naye akiitwa Smith. Mazungumzo yao yalizaa Sabre, mfumo wa kuhifadhi nafasi. Mwaka 1976 mashine zake zilianza kuwekwa kwenye ofisi za mawakala. Mwaka 1978 Marekani ikaacha kupanga nauli za ndani, na bei zikaanza kupanda na kushuka. Ulaya ikajibu kwa Amadeus na Galileo, mwaka 1987.

Mifumo hiyo ilikuwa na kikomo. Shirika liliweka nauli zake katika madaraja yenye majina ya herufi za alfabeti. Wakala aliona daraja lililobaki na bei yake. Kila tiketi iliyopita humo, shirika lililipia.

Oktoba 2012, IATA ikapitisha azimio namba 787, msingi wa kiwango kipya kiitwacho NDC. Kwa kiwango hiki wakala hasomi tena orodha iliyowekwa tayari. Anatuma ombi, na shirika lenyewe linatunga bei papo hapo, pamoja na begi na kiti, na linaweza kuzingatia ni nani anayeuliza. Septemba 2015 Lufthansa ikaanza kutoza euro 16 kwa tiketi iliyopitia mifumo ya zamani. Njia ya wakala ikawa ghali bila wakala kuongeza hata senti.

Nasi tulionja mabadiliko mwaka huohuo wa 2012. Novemba, Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, na wengi tukazoea kwamba anayewahi kununua hulipa kidogo.

Kwa namna fulani tumerudi sokoni. Muuza mchele wa Ifakara naye hutaja bei akimtazama mteja. Ila pale nami namtazama, na meza ya jirani naiona. Kwenye NDC anayetazama ni mmoja.

Hapo ndipo kanuni ya profoma tatu inapokwama. Ilitungwa ili mtumishi asile njama na muuzaji, na kwa meza na viti bado inafaa. Lakini mawakala watatu wakiuliza mfumo mmoja, ofisi imemwita shahidi yuleyule mara tatu.

Nilirudi kwa mhasibu na barua ya ukurasa mmoja. Niliomba mambo mawili: wakala aeleze kwenye profoma kama anapata bei za NDC, na bei ya tovuti ikubaliwe ikichapishwa siku hiyohiyo, ikionyesha saa, begi na masharti ya kubadili tarehe. Maana bei ya chini isiyo na begi inaweza kukugeukia uwanjani.

Aliisoma mara mbili. "Mhuri nitauweka mimi," akasema, "lakini wewe ndiye utakayewaeleza wakaguzi."

Nikamwambia nitakuja.