Kimbunga Kisicho na Namba

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliishukia Mwakata, kijiji cha wilaya ya Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wamefunikwa na kuta za nyumba zao wenyewe, kuta za matofali mabichi yaliyolainika kwa maji. Rais Jakaya Kikwete alifika kuwapa pole wafiwa. Hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, mabati yanapoanza kugonga usiku wa mvua, jina la Mwakata bado hurudi midomoni.

Wengi tuliita tukio lile kimbunga. Kwa wataalamu wa hali ya hewa, kimbunga ni kitu kingine: huzaliwa juu ya bahari yenye joto lisilopungua nyuzi 26 na ushei, tena mbali kidogo na ikweta, kwa sababu mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo mpaka ukawa gurudumu. Shinyanga iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Bahari ya Hindi, na chini ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake, halitoshi kulea dudu la namna hiyo. Linachotuletea ni radi, mawe na upepo unaoporomoka ghafla kutoka kwenye wingu.

Pwani wanavijua vimbunga vyenyewe. Aprili 15, 1872 kimoja kiliipiga Zanzibar, kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo kitovu cha karafuu kikahamia huko. Miaka 80 baadaye, tarehe ileile ya Aprili 15, mwaka 1952, kingine kiliingia Lindi na kuua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifikia nguvu kamili baharini, kisha kikanyong'onyea karibu na Mafia.

Vipimo vya upepo vilianzaje? Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliupanga upepo kwa ngazi kuanzia 0 hadi 12. Hakuhesabu kilomita. Alitazama matanga: merikebu inabeba matanga mangapi, na yapi yakunjwe. Ngazi ya 12 ilikuwa upepo usiohimiliwa na tanga lolote. Nahodha yeyote wa jahazi angemwelewa bila mkalimani.

Kipimo kinachotajwa sana leo redioni kilitokana na Herbert Saffir, mhandisi wa ujenzi wa Florida. Umoja wa Mataifa ulikuwa umemwomba achunguze nyumba za gharama nafuu katika nchi zinazopigwa na vimbunga. Mwaka 1969 akatoa madaraja 5, akieleza kila daraja linavunja nini. Robert Simpson, mkuu wa kituo cha vimbunga cha Marekani, akaongeza kimo cha maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu. Daraja la 1 huanza kwenye kilomita 119 kwa saa, na hapo paa huchunika. La 3 huanza kwenye 178. La 5 kwenye 252, ambapo nyumba nyingi za mbao hubomoka kabisa. Mwaka 2010 maji ya bahari yaliondolewa kwenye kipimo, ukabaki upepo peke yake. Upande wetu wa Bahari ya Hindi madaraja yana majina yake, na upepo hupimwa kwa wastani wa dakika 10 badala ya dakika 1.

Nalikazia jambo la Saffir kwa sababu tunalisahau: madaraja yake yalitoka kwenye kuta na mapaa ya watu wa kipato cha chini. Lakini nyumba alizoziweka kwenye jedwali si za Mwakata. Upepo usiofika hata daraja la 1 huweza kuua hapa kwetu, ukikuta tofali bichi, bati lililoshikwa kwa misumari michache, na uwanda usio na mti wa kuukata makali. Tulikwisha kuijua thamani ya miti: tangu 1986 mradi wa HASHI uliwarudisha wakulima wa Shinyanga kwenye ngitili, malisho ya kuhifadhiwa ambayo Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani, na nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa ikaota miti tena.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Watendaji wa kata na vijiji, kuanzia Ngokolo hadi Geita, baada ya kila dhoruba andikeni kwenye daftari: nyumba ipi ilianguka na ilijengwa kwa nini, ipi ilisimama, bati lilipeperuka umbali gani, mawe yalikuwa na ukubwa gani. Pelekeni taarifa hizo kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kwa wahandisi wa halmashauri, ili mafundi wetu wajue ukuta upi wa kuujenga kabla ya mvua za Machi.