Mzigo wa Kariokor

Ukishuka matatu Kariokor alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mtaa wa Ziwani, wa kwanza kukupokea ni mtu wa mkokoteni. "Kando! Kando!" Ameinama mbele, vipini vya mbao vimembana kifuani, miguuni amevaa akala zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Nyuma yake kuna mafungu ya ngozi na magunia ya katani yaliyokazwa kwa kamba za mpira. Akifika kwenye tuta la barabara anauachia mwili wake wote uegemee mbele. Gurudumu linapanda, linasita kidogo pale juu, kisha linateremka kwa kishindo, naye anatema mate pembeni na kuendelea na safari.

Huyu mtu yuko mahali pake hasa. Kariokor ni jina la Kiingereza lililolainishwa na ulimi wa Mswahili. Carrier Corps kilikuwa kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda mwaka 1914, vita vikuu vya kwanza vilipoanza, na kambi yake ya Nairobi ilikuwa hapa hapa, mashariki ya mji. Wenzetu wa Dar es Salaam wana Kariakoo yao, jina lile lile kutoka kambi ya aina ile ile, iliyowekwa baada ya Waingereza kuutwaa mji huo mwaka 1916. Halmashauri ya Nairobi ilijenga hapa nyumba za wafanyakazi Waafrika mwishoni mwa miaka ya 1920, na mtaa ukabaki na jina la kambi.

Nimeukumbuka mtaa huu kwa sababu ya habari zinazokuja kila mwaka kutoka Marekani, Urusi na China kuhusu vazi la mashine kwa ajili ya askari. Wahandisi huliita eksoskeletoni. Ni kama gamba la kaa: mifupa inavaliwa nje ya mwili, ya chuma au alumini, yenye mota kwenye nyonga na magoti, na betri mgongoni. Askari akipiga hatua, mashine inapiga naye, na uzito wa shanta unapita kwenye vyuma hadi ardhini badala ya kumkalia uti wa mgongo. Magazeti hupenda kuandika kwamba hapo ndipo vita vya kesho vilipo. Mimi naona hapo ndipo vita vya jana vilipo, na ushahidi wangu uko Kariokor.

Mwaka 1914 swali la majenerali lilikuwa: nani atabeba? Vita vya Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani walioongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck vilipiganwa katika nchi ya ndorobo, na ndorobo hakuacha farasi wala ng'ombe wa kukokota. Malori yalizama kwenye matope ya Rufiji. Reli iliishia pale ilipoishia. Kilichobaki ni kichwa na bega la mwanadamu. Amri ya mwaka 1915 ilihalalisha kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917, chini ya afisa wa kikoloni John Ainsworth, msako mkubwa ulipita Nyanza, Ukambani na Ukikuyuni na kukusanya zaidi ya watu laki moja. Mshahara ulikuwa kama rupia 5 kwa mwezi. Mkuu wa kikosi, Oscar Watkins, aliyekuwa afisa wa utawala aliyekijua Kiswahili, alipiga kelele mara nyingi kwamba watu wake wanakufa bure.

Mzigo wa kila mpagazi ulipangwa kuwa ratli 50, karibu kilo 23, mbali na blanketi lake na sufuria. Hapo ndipo hesabu ilipowashinda wakubwa. Mpagazi naye hula. Posho yake ilikaribia kilo moja ya unga kwa siku. Ukimtuma kwenye kikosi kilicho mwendo wa siku kumi, kwenda na kurudi atakula karibu kilo 20 kati ya zile 23 alizobeba, na askari aliyekuwa akingoja chakula ataletewa vikombe vichache vya unga. Ili vikombe viwe magunia, waliongeza wapagazi. Wale wapya nao walihitaji posho, na posho ilihitaji wapagazi wengine. Jeshi likawa nyoka anayemeza mkia wake.

Unga wenyewe mara nyingi ulipikwa nusu nusu, kwa maji ya madimbwi, na watu ambao hawakuwa wamezoea mahindi. Kuhara damu, kichomi na malaria viliua kuliko risasi. Hesabu rasmi za Waingereza ziliweka vifo vya wapagazi wao Afrika Mashariki zaidi ya 40,000. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyekifuatilia kikosi hiki kwa miaka mingi, aliona idadi ya kweli inaipita hiyo kwa mbali. Wengi walikufa pasipo jamaa zao kujulikana, na mishahara yao haikulipwa. Watkins aliidai baada ya vita kwa miaka, lakini hazina ya London haikufungua mkono.

Katikati ya mji, pale Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za shaba, na mojawapo ni ya mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sina hakika kama mshairi yule alijua amesema jambo la kihandisi. Miguu na mikono ya jeshi ndiyo hasa mashine ambayo maabara za Marekani zimekuwa zikijaribu kuitengeneza kwa miongo mingi.

Wazo lenyewe lina umri. Mrusi Nicholas Yagn alipata hataza mwaka 1890 kwa kifaa cha springi cha kumsaidia mtu kutembea na kukimbia. Hakikufika mbali. Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Electric, kwa fedha za jeshi la Marekani, ilijenga Hardiman, jitu la vyuma lenye uzito wa karibu kilo 680. Mkono mmoja ulifanya kazi vizuri. Walipojaribu kuiwasha mashine nzima ilirukaruka ovyo, na hakuna aliyethubutu kuingia ndani yake ikiwa imewashwa. Baada ya mwaka 2000 idara ya utafiti ya jeshi, DARPA, ilifungua mfuko tena. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kikatoa BLEEX, kampuni ya Lockheed Martin ikaleta HULC mwaka 2009, ikisema aliyeivaa atabeba kilo 90. Kampuni ya Sarcos nayo ikaonyesha XOS, vazi lenye nguvu za kustaajabisha, mradi waya wa stima usichomoke.

Waya huo ndio kiini cha habari yote. Vazi lenye mota linakula, kama mpagazi alivyokula. Posho yake ni betri, na betri ni mzigo. Ukitaka litembee mbali zaidi unaongeza betri, na kila betri inalazimu mota kufanya kazi zaidi, inayokula betri zaidi. Ni hesabu ile ile ya unga wa Kariokor, sasa kwa volti. Zaidi ya hayo, mwili wa binadamu una namna yake ya kutembea, na vyuma vinavyopishana nao hata kidogo humfanya mtu achoke upesi kuliko angebeba mwenyewe. Majaribio kadhaa yalionyesha hivyo.

Mwaka 2013 Admirali William McRaven, mkuu wa makomando wa Marekani, alitangaza mradi wa TALOS, vazi la kivita lenye kinga ya risasi na mota. Kilichomsukuma kilikuwa kifo cha komando mmoja aliyepigwa risasi nchini Afghanistan akiingia mlangoni kuokoa mateka. Watu waliliita vazi la Iron Man, kwa kuwa sinema ilikuwa imekwisha kuwaandaa. Mwaka 2019 wakuu wa mradi walikiri kwamba vazi zima halifai kwa mapigano ya karibu. Vipande vilibaki, ndoto iliwekwa kabatini.

Wakati huo huo mzigo wa askari uliendelea kukua. Utafiti wa jeshi la Marekani nchini Afghanistan mwaka 2003 ulikuta askari wa miguu akitembea na karibu kilo 45, mara mbili ya ratli 50 za mpagazi wetu. Fulana ya kinga, redio, maji, risasi, na betri, betri tena. Mwandishi wa kijeshi S.L.A. Marshall alionya juu ya jambo hili mwaka 1950. Mgongo ukipata nafuu, wakubwa hupata kitu kingine cha kuuwekea. Sioni kwa nini vazi la mota litakuwa tofauti. Likimwongezea askari nguvu za kilo 30, kesho yake atakabidhiwa kilo 30.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, vita vijavyo havitaletwa na mtu wa chuma akiruka kuta. Vazi litapata kazi nyuma ya mstari wa mbele: kupakia mizinga, kuhamisha makombora, kutengeneza ndege, kubeba majeruhi. Wanajeshi wa China wameshatumia mavazi mepesi, yasiyo na mota, kupandisha shehena milimani Tibet, na wateguaji mabomu wa Urusi walivaa ya aina hiyo nchini Syria. Kwenye mstari wa mbele wenyewe, nchini Ukraine, mkokoteni umepata injini na rimoti: vigari visivyo na dereva hupeleka risasi na maji na kurudi na majeruhi, huku droni zikiwinda chochote kinachotembea, kiwe kimevaa chuma au akala.

Watu wa Eastlands, upande huu wa mashariki ya Nairobi, wana haki ya kulifuatilia jambo hili kuliko wengi. Soko la Burma, pale Barabara ya Jogoo, limebeba jina la vita vya pili, ambapo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope. Na kazi ya kubeba haijahama huku: hadi leo, mtu akitaka gurudumu la mkokoteni au fremu ya chuma, huenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Kariokor wamo humo. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayesema babu yake alichukuliwa kwenda "kariokoo" na hakurudi, mwulize jina, kijiji na ukoo, uandike leo.