Poka: karata kali unaitupa saa ngapi?

Wadau, kutupa karata mbovu hata mtoto anaweza. Umepewa 2 na 7, unazirudisha kwa mgawaji, unakunywa soda yako, maisha yanaendelea. Kazi ipo pale umeshika jozi ya ree (wengine wanaita esi), roho imetulia kabisa, halafu mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu umekaa anasukuma chipu zake zote katikati! Nasema chipu, vile visahani vya kasino, sio chipsi mayai. Hapo ndipo mshahara wa mwezi unapoyeyuka kwa dakika mbili.

Kwa waliozoea arubastini na lasti kadi, poka inayochezwa zaidi kwenye meza za kasino ni Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata 2 za siri. Mezani zinafunuliwa 5 za wote: kwanza 3 kwa mpigo (ndiyo flopu), kisha ya 4, kisha ya 5 ambayo wanaiita riva. Katika hizo 7 unachagua 5 bora. Kila hatua watu wanaweka hela, na ukiona noma unatupa karata, ulichoweka kimeenda.

Sasa tatizo linaanzia kwenye neno "kali". Jozi ya ree inakuja kama mara 1 kati ya migao 221, ndio maana mtu akiipata anaing'ang'ania kama mkwe. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote zile inashinda kama mara 85 kwa 100. Lakini wakibaki wapinzani wanne hadi mwisho inashuka mpaka kama 56 tu. Halafu flopu ikishatoka yenyewe haikui kirahisi, maana ree zimebaki 2 tu. Mwenzako aliyeingia na jozi ya 6 akiiona 6 nyingine mezani ana tatu za aina moja, na wewe na ree zako umebakiwa na nafasi kama 9 kwa 100. Ukali ule wa mwanzo haupo tena, ila macho yako bado yanaziona ree mbili zinang'aa!

Kwa hiyo jiulize swali hili kabla hujagusa chipu: huyu jamaa anaweza kuweka hela hii akiwa na karata gani ambayo mimi naipiga? Zitaje kichwani. Ukizitaja nyingi, mfuate. Ukikosa hata moja zaidi ya "labda ananipiga mkwara", basi unacheza na mkwara tu, na inabidi uupigie hesabu.

Hesabu yenyewe sio ya kutisha. Katikati kuna 100,000, jamaa anaweka 50,000. Ukimfuata unatoa 50,000 na mzigo wote unakuwa 200,000. Yaani unahitaji kushinda mara 1 tu katika 4 hela yako irudi. Akiweka 100,000 nzima unahitaji mara 1 katika 3. Kwa hiyo ukiamini anadanganya mara 1 katika 10, tupa, hata kama una jozi mbili nzuri. Na ile laki uliyoweka mwanzo usiihesabu, sio yako tena, ni ya mzigo. Wengi wanafia hapo: "nimeshaweka nyingi, siwezi kuacha". Anaongeza nyingine, nayo inaenda.

Uzuri wa meza ya kasino ni kwamba mtu unamwona. Msidanganyike na mambo ya sinema, jasho na mikono kutetemeka. Mtu hutetemeka pia akiwa na karata kali. Angalia amechezaje saa nzima. Yule anayetupa karata kila raundi, siku akipandisha dau kwenye riva, mpe heshima yake. Yule anayesukuma hela kila mgao, usimkimbie haraka. Kwenye meza za dau dogo watu wengi wanapenda kufuata kuliko kupiga mkwara, hivyo dau likipandishwa ghafla mwishoni mara nyingi ni kweli anayo.

Mfano mzuri ni fainali ya World Series of Poker, Las Vegas, 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano la intaneti la dola 86, amebaki na Sam Farha, mzoefu wa siku nyingi. Mezani kuna 9, 2, 6, 8, 3, na tatu kati ya hizo ni shupaza. Farha ana jozi ya 9. Moneymaker ana kingi na 7, alikuwa anasubiri mfululizo au shupaza moja zaidi, vyote vimegoma. Akasukuma zote! Farha akafikiri sana, akatupa karata iliyokuwa inashinda. Watu wanamcheka mpaka leo, ila mimi namtetea: kwa meza ile, jozi ya 9 ilikuwa inapiga mkwara na vitu vichache sana. Mgao wa mwisho akapata jozi ya jeki kwenye flopu ya jeki, 5 na 4. Safari hii hakutupa, na mwenzake alikuwa na 5 na 4. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5.

Na kuna Mikhail Smirnov, Mrusi, mwaka 2012 kwenye shindano la kiingilio cha dola milioni 1. Alitupa 8 NNE, kwa kuhofia 9 na 10 za shupaza! Wewe usiige hiyo, ukipata nne za aina moja weka hela.

Ukiamua kutupa, subiri zamu yako ifike kwanza, ukiwahi unawapa wengine faida. Na usizirushe kwa hasira kabla hujasikia vizuri dau ni kiasi gani. Karata zikishachanganyika na zilizotupwa, mgawaji hazirudishi, hata kama ndizo zilizokuwa zinashinda.