Jiwe la Mizani: Historia ya Kupima Kipimo, Kutoka Vituo vya Chai vya Gusii Hadi Kompyuta

Katika kituo cha kununulia chai, macho yote huelekea mahali pamoja: kwenye mizani. Mkulima ameamka alfajiri, amechuma majani mawili na kichipukizi chake, amebeba mzigo hadi kituoni, na sasa jasho lote la siku linageuka nambari moja. Nambari hiyo ndiyo atakayolipwa mwisho wa mwezi, na ndiyo itakayotumiwa kuhesabu bonasi yake. Mizani ikipunja nusu kilo kwa kila mzigo, mkulima hatakuwa na pa kuonyesha hasara yake. Gunia halina tundu, njiani hakuna kilichomwagika. Kilichopotea kimepotelea ndani ya kipimo.

Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira magharibi mwa Kenya, imeishi na nambari za mizani kwa karibu miaka 90. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wachache walime kahawa, na Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kupata ruhusa hiyo, pamoja na Meru. Chai ikafuata. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ilipoundwa mwaka 1964, milima ya Gusii ilikuwa tayari kwa zao hilo, na leo majina ya viwanda ni kama ramani ya nchi yenyewe: Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Tombe na Nyansiongo upande wa Nyamira, Ogembo, Nyamache, Kiamokama na Itumbe upande wa Kisii. Kote huko swali la mkulima halijabadilika tangu enzi za kahawa. Mizani inapima chai yangu. Mizani yenyewe inapimwa na nani?

Makala haya yanafuata swali hilo kutoka kituo cha chai hadi ndani ya kompyuta, kwa sababu siku hizi mizani na kompyuta vimekuwa chombo kimoja.

Jiwe la mkaguzi

Kenya ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inayotaka kila mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Ukaguzi wenyewe ni kazi rahisi kuieleza. Mkaguzi huja na mawe ambayo uzito wake unajulikana bila shaka. Huweka jiwe la kilo 10 juu ya mizani na kutazama kama mizani itasema 10.

Lakini mkaguzi hodari hatosheki na jiwe moja. Huijaribu mizani ikiwa tupu, aone kama inasoma sufuri. Huijaribu kwa mzigo mdogo, kisha kwa mzigo unaokaribia upeo wake. Huliweka jiwe katikati, kisha pembeni, maana iko mizani isemayo kweli katikati na kusema uongo kwenye kona. Huondoa jiwe na kulirudisha, aone kama jibu la pili linalingana na la kwanza. Mkaguzi mvivu naye huweka jiwe moja katikati, mara moja, na kupiga muhuri. Mihuri ya wawili hawa haina tofauti machoni. Tofauti yao iko katika makosa ambayo kila mmoja angeweza kuyanasa, na hapo ndipo thamani ya jaribio lolote ilipo.

Kutoka Cambridge hadi ndani ya ndege

Waandishi wa programu za kompyuta walilifikia wazo hilo kwa njia yao wenyewe. Mwezi Juni 1949, katika mkutano uliofanyika Cambridge, Uingereza, Alan Turing alieleza namna ya kuthibitisha kwamba programu ndefu haina kosa. Alitumia mfano wa hesabu ya kujumlisha ambao kila mtoto wa shule anaujua. Ukimwonyesha mtu jumla peke yake, itambidi arudie hesabu yote. Ukimwandikia pia tarakimu zilizobebwa kutoka safu hadi safu, ataweza kukagua kila safu peke yake. Ndani ya mfano huo mlikuwa na mbegu ya mambo mengi yaliyofuata: kazi kubwa ikatwe vipande, na kila kipande kithibitishwe mbali na vingine.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1979, Glenford Myers alichapisha kitabu kuhusu sanaa ya kujaribu programu, akashikilia kwamba anayejaribu programu huitafuta kasoro. Akitafuta sifa, sifa ndiyo atakayoipata. Edsger Dijkstra wa Uholanzi alikuwa amekwisha kuonya kwamba jaribio huweza kuonyesha kuwa kasoro ipo, lakini haliwezi kamwe kuonyesha kuwa haipo. Kisha mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa safarini kwa ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, waliandika pamoja mwanzo wa chombo kiitwacho JUnit. Kwa chombo hicho mwandishi wa programu huandika majaribio madogo, kila moja la kipande kimoja, na kompyuta huyaendesha yote kila programu inapoguswa. Ni kama mkaguzi asiyeondoka kituoni, anayerudisha mawe yake juu ya mizani kila fundi anapokaza skrubu.

Mara nane

Wakenya walipata somo la majaribio haya Machi 2013, na walilipata bila kuliomba. Baada ya uchaguzi wa rais wa tarehe 4, nambari zilizokuwa zikionyeshwa kwenye ukumbi wa Bomas jijini Nairobi zilikuwa na jambo la ajabu: kura zilizokataliwa zilipita 300,000. Nchi nzima ilijiuliza kama imesahau kupiga kura. Hatimaye afisa mkuu wa tume ya uchaguzi, James Oswago, alieleza kwamba kosa la kiprogramu lilikuwa likizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Tume ikategemea ujumlishaji kutoka fomu za karatasi, na hesabu ya mwisho ya kura zilizokataliwa ikawa 108,975.

Halikuwa jambo dogo. Mshindi alitangazwa kwa kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07, na hesabu hiyo ilijumuisha kura zilizokataliwa. Alivuka nusu kwa kura zisizofika 9,000. Kwa kanuni hiyo hiyo, lau kura zilizokataliwa zingebaki 300,000 na zaidi, nusu ingepanda juu yake na nchi ingeelekea duru ya pili. Mpiga kura wa Bobasi au wa Kitutu Masaba, huko Gusii, aliyesimama kwenye foleni tangu usiku, kura yake ingebebwa hadi Nairobi salama na kupotoshwa kwenye mstari mmoja wa hesabu.

Tuuchukue mstari huo tujifunze nao. Tuseme kituo kimoja cha kupigia kura kina kura tano zilizokataliwa. Programu yenye kosa itasema 40, na jaribio linalodai jibu liwe tano litapiga kelele papo hapo. Sasa tuseme aliyeandika jaribio alichagua kituo ambacho hakuna kura hata moja iliyokataliwa. Sufuri mara nane ni sufuri. Programu itapita, jaribio litaonyesha rangi ya kijani, na kosa litapanda gari pamoja na vifaa kuelekea vituoni. Jaribio lipo, limeendeshwa, limepita, wala halikupima kitu. Ni jiwe lililowekwa katikati ya mizani inayodanganya pembeni.

Nani atajaribu jaribio?

Watafiti wamehangaika na jambo hili kwa miongo kadhaa. Njia moja ya kupima ubora wa majaribio ni kuhesabu ni mistari mingapi ya programu inayoguswa yanapoendeshwa. Ni hesabu rahisi, na wakubwa wa kazi huipenda kwa sababu hutoa asilimia. Lakini jaribio letu la sufuri liliugusa ule mstari mbovu kikamilifu. Kwa hesabu hiyo lingepata asilimia 100. Mwaka 2014 Laura Inozemtseva na Reid Holmes wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichunguza mafungu 31,000 ya majaribio ya programu tano kubwa. Waligundua kwamba, ukishazingatia idadi ya majaribio, asilimia ya mistari iliyoguswa ina uhusiano hafifu au wa wastani tu na uwezo wa kunasa makosa.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi na ina busara ya kijijini. Richard Lipton aliipendekeza mwaka 1971 akiwa mwanafunzi, na mwaka 1978 yeye, Richard DeMillo na Frederick Sayward wakaiweka wazi. Iharibu programu makusudi. Mahali pa kujumlisha weka kutoa. Mahali pa tano weka sita. Kisha endesha majaribio yako. Yakilalamika, yana macho. Yakinyamaza, yamelala. Mkulima anaweza kumpima mkaguzi vivyo hivyo: ficha kipande cha chuma chini ya sahani ya mizani, umwite akague. Akipiga muhuri, umeshamjua.

Karne hii ilieneza wazo jingine: kompyuta iandike majaribio yenyewe. Randoop ilitokea mwaka 2007 na EvoSuite mwaka 2011, na vyombo hivi hutunga majaribio mengi kwa dakika chache. Mwaka 2015 watafiti walivijaribu vyombo vya aina hii kwa kasoro 357 za kweli. Vyote kwa pamoja vilinasa asilimia 55.7 ya kasoro hizo, lakini ukichukua fungu moja moja la majaribio, ni asilimia 19.9 tu ya mafungu yaliyonasa kasoro yake. Tatizo kubwa la vyombo hivi laeleweka kituoni. Mashine inayotunga majaribio haijui ukweli. Huitazama programu inafanya nini na kuandika hilo kuwa ndilo jibu sahihi. Ikipewa programu ya mara nane na kura tano, itaandika: jibu linalotarajiwa ni 40. Ni mkaguzi aliyekuja mikono mitupu, akachonga jiwe lake kwa kuifuata mizani anayotaka kuikagua. Mashine za leo zinazoandika lugha za watu nazo hutunga majaribio, na mtego huo huo unazingojea.

Kurudi kituoni

Mizani ya saa na kadi ya kuandikwa kwa kalamu imepisha mizani ya kielektroniki inayotoa risiti. Programu ndiyo inayotoa uzito wa chombo, ndiyo inayokata desimali, ndiyo inayoandika kilo kwenye akaunti ya mkulima. Jiwe la mkaguzi laweza kusema kweli juu ya chuma, na hesabu iliyo ndani ikakosea baadaye pasipo mtu kuona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa daftari lenyewe limekuwa programu, na daftari lisilojaribiwa hupoteza mali huku likitoa risiti.

Gusii ina watu wa kuishika kazi hii. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu, kilipata hati ya chuo kikuu kamili Februari 2013, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi ule. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kompyuta wamo watoto wa nyumba zilizosomesha kwa bonasi ya chai. Wanajua kwao maana ya nusu kilo. Natamani kila mmoja wao, kabla ya kuandika jaribio lake la kwanza, asimame kituoni asubuhi moja pamoja na mama yake, aangalie nambari ikitulia, na kujiuliza ni kosa gani hasa ambalo jaribio lake lingelinasa kabla mama hajatia sahihi.